Nasike na Sahani ya Kwanza

Kama uliwahi kupelekwa kambi ya Agosti ya kanisa la Kabiro, hapo Kawangware, Nasike unamjua. Labda sura umesahau, lakini hiyo sauti huwezi sahau. "Toa mkono kwa sufuria yangu!" Na ule mwiko wake mrefu kama jembe.

Alifika hapo akiwa na miaka tisa, ametumwa na mamake ndio mdomo mmoja upungue kwa nyumba wiki moja. Akakula, akaimba, na siku ya kurudi nyumbani, mtaa wa Kawangware 46, akajificha nyuma ya jikoni. Mpishi wa hiyo time, Mama Beth, akamtoa huko akimvuta sikio. "Kama hutaki kwenda, shika hii sufuria uoshe." Basi akaosha. Tangu siku hiyo ameolewa, ameachwa, amezika mamake, amehama nyumba mara sita hapo 46, lakini Agosti ikifika anafunga kibanda chake cha chapati anaenda kupikia watoto wa watu bure. Majirani wa ploti huuliza nani alimroga.

Mama Beth akirudi ocha, kijijini kwao, alimwachia vitu mbili: mwiko, na sahani ya kwanza. Hiyo ya sahani ilianza mwaka fulani watoto wote waliharisha, na wazazi wa mtaa wa Kisumu Ndogo wakakuja na mawe. Tangu hapo ikawa sheria. Mpishi anasimama mbele ya watoto wote, anajipakulia, anamaliza sahani nzima, ndio maombi ifanywe. Watoto nao wakageuza ikawa mchezo. "Onja! Onja! Onja!" wanagonga sahani na vijiko mpaka mabati inatetemeka. Akimaliza anapindua sahani juu chini, wanapiga nduru. Miaka kumi na tisa Nasike hajawahi bakisha hata punje.

Mwaka huu kambi ikapewa mwenyekiti mpya, Dikoni Murunga. Suti, tumbo mbele, manukato inafika kabla yake. Jumatatu akaleta magunia nane ya mahindi na maharagwe kutoka stoo ya kanisa, chakula ya msaada ya wakati wa mafuriko. Na hiyo mafuriko iliisha kitambo. Nasike akafungua gunia ya kwanza na harufu ikampiga usoni. Mahindi ilikuwa na unga ya kijani, imeshikana madonge, na wadudu wanatembea huko ndani kama wako harusi.

"Dikoni, hii hata nguruwe atakataa."

"Dada Nasike, chakula ya Mungu haidharauliwi. Osha, chemsha, tuombe."

"Kuvu haitoki na maombi."

"Kama umechoka kutumika, sema. Kuna wamama wengi wanataka hiyo nafasi."

Hapo ndio Murunga alimpata. Ukitoa kambi kwa maisha ya Nasike, inabaki nini? Kibanda na moshi. Akaosha hayo mahindi maji saba, akarusha vitunguu, dhania, curry powder mkono mzima. Okoth, mwenye huuza omena, wale samaki wadogo wakavu, Kisumu Ndogo na Agosti anakuja kuchochea moto, akafunika pua na shati.

"Siz, mimi ni mtu wa omena, harufu nimezoea. Lakini hii inaongea."

"Chochea moto, wachana na mimi."

Mchana ikafika. Onja! Onja! Nasike akapakua hiyo githeri ya mahindi na maharagwe, akaweka kijiko kwa mdomo. Akageuka kama mtu anakohoa, akatema kwa leso, sahani akaimwaga chap kwa ndoo ya maganda. Kisha akarudi kuangalia watoto, akaipindua juu chini. Tupu. Wakapiga nduru, wakakimbilia foleni. Okoth aliona. Akaangalia moto.

Saa kumi hivi, nyuma ya choo, Nasike akapata Hope, msichana wa miaka tisa wa hapo Kisumu Ndogo, amepiga magoti anatapika. Wengine wanne walikuwa wamelala kwa nyasi wameshika tumbo. Akamshika kichwa, akampangusa mdomo na ile leso, halafu akakumbuka imebeba nini, akaitupa.

"Pole, Aunty," Hope akasema. "Nilijaribu kumaliza yote kama wewe."

Wee. Afadhali angetukanwa.

Akaenda ofisi. Murunga alikuwa anakula kuku, vidole inang'aa mafuta, na kando yake kuna gunia ya mchele na nyama ya kupikia wageni wa kesho jioni, wale wafadhili wa kuja kupiga watoto picha.

"Ni baridi tu ya Agosti," akasema, akinyonya mfupa. "Kesho pika ile ile."

Nasike akaangalia hiyo mdomo ikitafuna. Akaskia kinyaa mbaya. Lakini kusema ukweli, kinyaa kubwa ilikuwa ya kujiona yeye mwenyewe.

Kesho yake akapika ile ile. Watoto wakaanza kugonga sahani. Akapakua ya kwanza ikajaa mpaka juu, akatembea nayo mpaka meza ya mbele, akaiweka mbele ya Murunga.

"Leo mwenyekiti ndio anaonja."

"Dada, mimi nimefunga."

"Na ile kuku ya jana, Dikoni?" Okoth akaropoka kutoka kwa moto. "Ilikuwa ya kuomba nayo?"

Watoto wakacheka, wakashika wimbo. "Dikoni! Onja! Dikoni! Onja!" Murunga akatabasamu, akachukua kijiko moja. Taya ikatafuna mara mbili, ikasimama. Akatoa kitambaa nyeupe mfukoni akatema yote hapo, mbele ya watoto mia na hamsini. Hakuna mwenye aligonga sahani tena.

"Wewe na hii kambi mmemalizana," akamwambia Nasike pole pole.

"Sawa. Lakini watoto hawajakula."

Yeye na Okoth wakabeba sufuria wakamwaga kwa shimo, wakafukia na majivu. Wakatoa mchele na nyama ya wageni kwa ofisi, na Murunga hakuthubutu kuwazuia mbele ya watoto, wakapika pilau. Ikiiva, Nasike akasimama mbele yao.

"Jana sikukula. Nilitema, nikamwaga. Niliwadanganya."

Akapakua, akakula. Nyama haikuwa na ladha, kuvu ilikuwa bado imekaa kwa pua. Alimaliza yote. Akapindua sahani. Foleni haikusonga.

Hope akatoka kwa foleni, uso bado kama majivu. Akachukua hiyo sahani, akaangalia ndani, akainama akachungulia ndoo ya maganda, kisha akamwambia Nasike afungue mikono. Nasike akafungua.

"Amekula," Hope akaambia wenzake.

Ndio foleni ikasonga. Nasike akapakulia mpaka mtoto wa mwisho, akaosha sufuria, akaweka mwiko wa Mama Beth kwapani, akatoka nje ya gate.