Jiko la Bhoke

Mara ya kwanza Mogesi kuisikia ile sauti ilikuwa adhuhuri moja ya mwezi wa nne, mvua ikiwa imekatika kidogo. Alikuwa amekaa barazani akimnyonyesha Steven, mtoto wake wa miezi mitano. Mumewe, Waitara, alikuwa ameshuka mtoni na ng'ombe. Gati, binti wa Waitara wa miaka tisa, alikuwa shuleni. Nyumbani hapakuwa na mtu mwingine. Ndipo mwanamke akasema, kutoka ndani ya jiko la zamani nyuma ya nyumba, "Usikoroge sana. Acha maziwa yaingie yenyewe."

Ilikuwa sauti ya mtu mzima, ya upole, yenye uchovu kidogo, kama ya mtu anayemwelekeza mwenzake huku macho yake yako kwenye moto. Mogesi alikaa bila kutikisika. Hakusikia neno jingine. Ila harufu ilikuja, ya mboga chungu inayochemka ndani ya maziwa.

Jiko lile lilikuwa la Bhoke, mke wa kwanza wa Waitara. Na Bhoke alikuwa amekufa, huu mwaka wa pili.

Hapo Machochwe kila mtu alijua alivyokufa. Alikwenda alfajiri kuchuma mgagani, ile mboga chungu, kwenye ukingo wa shamba la mtama, upande unaotazama hifadhi, na tembo mmoja alikuwa hajatoka bado shambani. Baada ya mazishi Waitara aliufunga mlango wa jiko kwa waya, akajenga jiko jingine la bati mbele ya nyumba. Ukingo ule wa shamba aliuacha. Hakuulima tena wala kupita karibu yake.

Mogesi alikuja mwaka uliofuata. Yeye ni mtu wa Kewanja, karibu na mgodi, na kwao mashamba yalikwisha kabla hajajua kushika jembe. Mboga alizozijua ni za kununua: kabichi, sukuma wiki, nyanya. Alikuwa akimsaidia mama lishe mmoja kupika wali, maharage na chipsi, na hapo ndipo Waitara alipomkuta, siku alizokwenda kumtembelea kaka yake. Waitara alimweleza habari za Bhoke siku ya pili tu ya kufahamiana. Mogesi alidhani jambo likishasemwa wazi hivyo limekwisha.

Alijitahidi sana. Alijifunza kwamba huku mtu hapiki anachotamani, anapika kilichoota: mvua zikianza ni majani ya kunde na mnavu, baadaye maboga na mahindi mabichi, kisha mtama wenyewe. Alijifunza kusonga ugali wa mtama na muhogo mpaka mkono ukazoea uzito wake. Lakini Gati alikuwa akila matonge mawili, matatu, kisha anasema, "Nimeshiba, Mama Steven," na kwenda kunawa. Hakuwa anakonda, na hilo Mogesi hakulitilia maanani.

Wiki ile sauti ilirudi mara tatu, siku zote adhuhuri. Jumamosi na Jumapili palikuwa kimya. Mogesi alizunguka hadi kwenye mlango wa jiko akiwa amemkumbatia mtoto, akaona waya uko vilevile, umeshika kutu. Hakuthubutu kuugusa.

Akaenda kwa mama mkwe wake, Bi Matiko, ambaye mji wake uko ng'ambo ya kijito.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto anaumwa?"

"Haumwi. Nimesikia mtu anaongea jikoni kwa marehemu."

Bi Matiko aliacha kupepeta ulezi. Hakucheka, na hilo ndilo lililomtisha Mogesi zaidi.

"Alikuwa anasema nini?"

"Anaeleza namna ya kupika mgagani."

Mama mkwe aliweka ungo chini. "Alikufa mboga zikiwa kikapuni," akasema. "Hazikupikwa. Nilimwambia Waitara wakati ule, hata kama hakuna wa kula, zipikwe. Hakunisikia."

Tangu siku hiyo Mogesi hakumweka tena Steven chini. Alipika akiwa amembeba mgongoni, aliteka maji akiwa naye, alimlalisha mapajani akichambua maharage. Mtoto akikohoa, yeye aligeuka kutazama nyuma ya nyumba. Jioni moja wakila alimuuliza mumewe, "Zile mboga za Bhoke ulizifanyaje?"

Waitara alitafuna taratibu. "Nilizimwaga palepale," akasema. "Kikapu nilikichoma." Akaondoka na bakuli lake, akaenda kumalizia chakula zizini, amesimama.

Ukweli ulijulikana dukani. Mwalimu Mwanvua, aliyehamishiwa hapo kutoka Tanga, alikuwa ananunua sabuni Mogesi alipoingia.

"Mama Steven, samahani nikuulize," mwalimu alisema. "Najua kuna kazi nyingi nyumbani. Lakini Gati akitoka mchana mara nyingi hatumwoni tena mpaka kesho yake. Anasema unamwita akushikie mtoto."

"Mimi simwiti, mwalimu."

Wakatazamana. Mogesi aliacha chumvi aliyoifuata, akarudi nyumbani kwa haraka, mtoto akirukaruka mgongoni. Jua lilikuwa utosini. Hata kabla hajafika uani aliisikia: "Ongeza kidogo. Kidogo tu. Sasa funika."

Safari hii alizunguka hadi nyuma kabisa, upande wa migomba, ambako hakuwahi kufika. Udongo wa ukuta ulikuwa umebomoka, na fito mbili zilikuwa zimeng'olewa. Akainama, akachungulia.

Gati alikuwa amechuchumaa ndani, amevaa sare ya shule, mbele ya mafiga matatu na chungu kidogo cheusi. Mgongo wake ulikuwa umenyooka kama wa mama mtu mzima. Mdomo wake ndio uliokuwa unasema, na sauti iliyotoka haikuwa ya mtoto. Mogesi alijua sasa ni nani, na bado nywele zilimsimama.

"Gati," aliita.

Msichana alishtuka, akakishika chungu kwa mikono miwili kana kwamba atanyang'anywa. Aliposema, alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Usimwambie baba."

Mogesi aliingia kwa kutambaa na Steven mgongoni. Ndani palinuka moshi wa zamani. Vibuyu vya maziwa vilikuwa bado vinaning'inia ukutani, vimejaa vumbi, isipokuwa kimoja kilichosuguliwa kikang'aa.

"Unafanya nini humu?"

"Napika. Mama alinifundisha. Unachemsha, unamwaga maji, unatia maziwa, unaulaza. Kesho unachemsha tena, unaongeza maziwa. Siku ya tatu uchungu umeisha."

"Na ile sauti?"

Gati alikwaruza udongo kwa kidole. "Naanza kuisahau," akasema. "Uso wake naukumbuka, picha ipo. Sauti haina picha. Nikipika inarudi, kwa hiyo naisema ili nisiisahau."

Mogesi akauliza jambo jingine, ambalo jibu lake alilijua moyoni. "Huu mgagani unautoa wapi?"

"Kule kwenye ukingo. Unaota wenyewe. Ni mbegu zake."

Kulikuwa na fungu la majani mabichi karibu na mafiga, na kwenye mashina yake kulikuwa na udongo uliochanganyika na nyasi zilizotafunwa, kinyesi cha tembo. Kilikuwa bado na unyevu. Mogesi alikaa chini. Mtama ulikuwa umeanza kubeba masuke, na huu ndio wakati wa tembo kuja.

"Huendi tena kule," alisema.

"Basi sitamsikia."

"Hujanielewa. Huendi peke yako."

Jioni alimweleza Waitara yote, ingawa msichana alikuwa ameomba asimwambie. Kesho yake, jua lilipokwisha kupanda, Waitara aliwaita vijana wawili wa jirani wenye mbwa na madebe ya kupiga kelele, Mogesi akamwachia Bi Matiko mtoto, wakaenda wote hadi ukingoni.

Mgagani ulikuwa umeota hapo mnene kuliko bustani yoyote aliyoiona Mogesi, unafika kiunoni, una maua meupe. Katikati yake kulikuwa na nyayo pana kama sinia, zimejaa maji ya mvua. Waitara alisimama mahali pamoja, akasema maneno machache kwa Kikurya, polepole, kama mtu anayeongea na mkewe aliyechelewa kurudi. Mogesi aliyaelewa, na kwa kuwa hayakuwa yake akampa mumewe kisogo. Kisha wakachuma majani, wakakusanya maganda yaliyokomaa ili wapande mbegu karibu na zizi, na Waitara akaufyeka ukingo wote hadi chini.

Mboga zile walizipika siku tatu ndani ya jiko la Bhoke, mlango ukiwa wazi. Gati alielekeza kwa sauti ile, na Mogesi alikoroga. Alipokosea, sauti ilimkemea, naye akajikuta anaitikia, "Ndiyo, dada," kama mke mdogo anavyomjibu mke mkubwa. Siku ya tatu uchungu ulikuwa umeisha kweli, umebaki ule mdogo unaofanya mtu atake tonge jingine. Gati alikula mpaka akalamba vidole. Bi Matiko alikula, kisha akatoka nje kulia. Waitara alikaa mbele ya sahani yake bila kuigusa, halafu akala yote, haraka, kama anayemeza dawa.

Mwezi wa saba, mtama ukiwa umeshavunwa, Mogesi alitaka kukausha majani ya kunde kwa ajili ya kiangazi. Hakujua kama yanachemshwa kwanza au yanaanikwa mabichi. Akamwomba Gati amuulize mama yake.

Gati alinyoosha mgongo, akafumbua mdomo. Ikatoka sauti ya mtoto wa miaka tisa. Alijaribu tena. Akajaribu mara ya tatu, kisha akasema, "Imeondoka."

Mogesi alikuwa ameiombea sauti hiyo iondoke, wiki nyingi, usiku na mchana. Sasa aliinua kichwa kusikiliza, akasikia kuku tu wakichakura nje, na kifuani akahisi kitu kama msiba. Akampa Gati Steven ampakate. Wakakubaliana wachemshe kidogo, kwa kubahatisha, na majani yakatoka vizuri.

Jiko la Bhoke ndilo analotumia mpaka leo, kwa sababu lina kivuli na linatoa moshi vizuri kuliko lile la bati. Gati anamaliza vipindi vyake vyote shuleni. Steven ametambaa humo, amesimama humo kwa kushika ukuta. Lakini Mogesi hajawahi kuketi akiwa ameupa mlango mgongo, na akipika mgagani, kabla ya kutia maziwa, huwa anangoja kidogo.