Mgeni wa Mlango wa Jikoni

Nakumbuka siku moja ya Desemba, mjukuu wangu Lindiwe, Siku ya Maridhiano, mwaka wetu wa kwanza katika nyumba ya Kensington. Umenipigia simu kuniuliza upike nini, kwa kuwa sikukuu hiyo hiyo unawaalika ndugu na majirani huko kwenu Midrand. Vya kupika nitakuambia. Lakini kwanza sikiliza habari ya mama yake babu yako, maana usipoijua unaweza kupika vizuri sana na shughuli ikaharibika. Ukitaka kunijibu kwa Kiingereza, nijibu. Kiswahili unakisikia, ulimi tu ndio unaokusumbua, nami nimeshazoea.

Babu yako Themba nilimpata kwetu Morogoro, akiwa mmoja wa vijana waliokimbia nchi yao kupigania uhuru. Uhuru ulipopatikana tukaja naye Johannesburg, mimi na baba yako mgongoni. Baada ya kuhangaika kwa ndugu tukapata nyumba ya kupanga Kensington, yenye geti la mbele, veranda na uwanja wa nyasi. Kwa Themba ile haikuwa nyumba tu. Zamani mtaa ule mtu mweusi kama yeye asingeweza kupanga. Akasema lazima tuwaite watu, na siku aliichagua mwenyewe, ile ya katikati ya Desemba, taifa zima linapopumzika.

Tuliwaita kwa saa nne asubuhi. Hilo nakushauri na wewe ulishike, kwa sababu Desemba mvua ya hapa huja alasiri na radi zake, na hakuna kitu kibaya kama kuhamisha masufuria huku wageni wanakimbia. Chakula cha saa nne si chai ya asubuhi wala si chakula cha mchana, kwa hiyo mtu anakula anachotaka na hakuna wa kumcheka. Mimi nilipika maandazi, mbaazi za nazi, na chai ya maziwa yenye tangawizi nyingi. Mawifi wangu kutoka Soweto walileta magwinya, ndiyo maandazi ya huku, na achari. Mama Furaha, jirani yetu wa Bukavu aliyekuwa akisuka nywele Doornfontein, alikuja na Wakongo wenzake, akaleta ndizi za kukaanga, mwenyewe huziita makemba. Themba alitundika bendera kubwa kwenye veranda, na nyingine ndogo alizozinunua kwenye robot, zile taa za barabarani, akazichomeka kwenye ua. Hotuba aliifanyia mazoezi bafuni wiki nzima.

Watu wakaja, wakajaa. Mawifi wakashuka kwenye teksi, nikawapokea. Niliwauliza Mama, yaani mama mkwe wangu, yuko wapi, wakasema wameshuka naye, bila shaka ameshatangulia ndani. Nilikuwa na birika mkononi na vikombe vinanisubiri, nikaamini kwamba amekaa sebuleni anapumzika. Babu yako akagonga kikombe kwa kijiko, watu wakanyamaza, akaanza kusema. Alizungumzia waliobaki kwenye makaburi ya ugenini, akazungumzia nchi ambayo mtu hataulizwa tena anaelekea wapi. Alisema vizuri. Nilimwonea fahari.

Mama Furaha akanisogelea akaninong'oneza, "Dada, mama ya bwana yako iko wapi? Sijaona anakula."

Niliingia ndani. Sebuleni hakuna mtu. Nikamkuta jikoni, amesimama kwenye sinki, amevaa aproni yangu, anasugua sufuria ya mbaazi. Kofia yake ya kanisani alikuwa ameiweka juu ya friji. Viatu vyake vizuri alivipanga kando ya mlango wa nyuma, yuko miguu mitupu.

Niliogopa, mwanangu. Katika ukoo huu mimi ndiye makoti, bibi arusi wa nyumba, na makoti ndiye anayesimama jikoni ili mama mkwe akae. Mawifi wangeingia wakaona mama yao anawaoshea vyombo wageni wa Mtanzania, nisingepata pa kuuweka uso. Nikamshika mikono nikaitoa kwenye maji, nikimsihi kwa Kizulu changu cha kuungaunga. Wala hakuwa na hasira. Alinieleza polepole, ili nimfuate neno kwa neno.

"Makoti, nimefanya kazi mtaa huu miaka mingi. Nyumba ile ya kona, yenye bati jekundu. Siku za sikukuu wenyewe walikula nje, mimi nilisimama mahali kama hapa. Leo nimefika kwenye geti lenu, miguu ikanizungusha yenyewe mpaka mlango wa nyuma. Nikaona vyombo, nikaosha."

Sikuwa nalijua hilo. Themba alijua mama yake alifanya kazi za ndani kwa wazungu, lakini aliondoka nchini angali kijana, na ni mtaa gani hakuambiwa. Tulipomwonyesha nyumba mara ya kwanza, alisema tu kwamba mtaa ni mzuri na miti yake ina kivuli.

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. Akasema tulikuwa na furaha, angeanzia wapi? Kisha akafuta mikono, akanitazama.

"Namsikia mwanangu huko nje. Anasema vizuri. Lakini makoti, mmeita watu wengi na mmepika vingi. Nani amepewa kazi ya kumwonyesha kila mtu mahali pake pa kukaa?"

Hakuna aliyepewa. Nilichungulia dirishani nikaona kwa macho mapya. Wakongo walikuwa wamesimama ukutani peke yao. Watu wa Soweto walikuwa chini ya veranda peke yao. Viti vilikuwepo, vingi vitupu, kila mmoja akidhani ni vya mwingine.

Kumkatiza mume wangu mbele ya watu hakukuwa kawaida yangu, lakini nilitoka nikamnong'oneza sikioni. Aliacha sentensi katikati, akaingia ndani. Walichoambiana yeye na mama yake sikijui mpaka leo, sikuuliza. Mimi nilibaki uwanjani na birika langu, nikitabasamu ovyo mbele ya wageni. Walipotoka hawakupitia veranda. Walitokea mlango wa nyuma, wakazunguka nyumba, wakatoka hadi barabarani, Mama amevaa kofia na viatu, amemshika mwanawe mkono. Halafu wakaingia kwa geti la mbele, taratibu, kama watu wanaofika sasa hivi. Wote tulisimama. Shemeji yangu mmoja akatoa kochi la sebuleni akaliweka kwenye nyasi, Mama akakaa. Nikapiga magoti nikamnawisha, nikampakulia wa kwanza. Hotuba haikumaliziwa.

Hapo ndipo alipofika Hettie.

Huyu alikuwa mjane wa Kikaburu wa ng'ambo ya barabara. Nilimwalika mimi, kwa kuwa tulikuwa tukisalimiana nikianika nguo. Themba hakupenda, kwa sababu zamani watu wa Hettie walikuwa na ibada yao tarehe hiyo, ya kushukuru kwa kuwashinda Wazulu. Alisimama getini na bakuli lililofunikwa kitambaa, hajui kama aingie. Hakuna aliyesogea. Macho yake yakatua kwenye kochi.

"Maria?" akasema. "Ni wewe, Maria?"

Mawifi wakamgeukia Mama. Mama aliweka kikombe chini.

"Maria ni jina la kazini," akasema. "Mimi naitwa Nomvula. Hii ni nyumba ya mwanangu. Ingia ukae."

Uso ulimwiva Hettie. Kisha akajaribu jina. Akalikosea. Mama akalirudia, akilikata vipande kama anavyofundishwa mtoto, na safari hii Hettie akalipata. Themba mwenyewe akamvutia kiti karibu na kochi.

Sitakudanganya kwamba wale wawili walikuwa marafiki baada ya hapo. Walizungumza habari za mbwa wa ile nyumba ya kona, na bibi mwenye nyumba aliyehamia ng'ambo kwa watoto wake. Bakuli lilikuwa na pai ya maziwa yenye mdalasini, ikaliwa ikaisha. Wakongo na Wasoweto, wakivuta viti kumsikiliza Mama, wakajikuta wamechanganyikana. Radi ya kwanza iliwakuta wengi wameshaondoka. Mama alipokuwa anapanda teksi aliniambia mbaazi zilikosa chumvi, na mimi nilifurahi, kwa sababu mama mkwe asiyekusahihisha bado ni mgeni kwako. Tangu siku ile hakuingia tena kwa mlango wa nyuma. Alikuja kwa geti la mbele na kubonyeza kengele kwa muda mrefu, hata alipolikuta liko wazi.

Sasa wewe, mwanangu. Pika maandazi, mbaazi nitakuja kuzipika mwenyewe. Bendera tundika, ni yako, babu yako aliilipia kwa ujana wake. Ila kabla ya jiko, shughulikia geti. Huko kwenu mna walinzi na mageti mawili, moja la wenyeji na jingine la wafanyakazi. Waambie mapema kwamba shangazi yako atakuja kwa teksi na kwa miguu, apite la wenyeji bila kuhojiwa. Simama mwenyewe mlangoni, mpokee kila mtu, mkalishe, halafu ndipo upakue. Na yule dada anayekusaidia kazi za ndani, umeniambia anaitwa Precious. Muulize kama ndilo jina alilopewa na mama yake. Siku hiyo akitaka kuwa kwao, mwache aende. Akitaka kuwa nanyi, awe na kiti, na vyombo tutaosha mimi na wewe. Hotuba iwe fupi.

Mungu akujalie nyumba ambayo kila aingiaye anajua pa kukaa. Akupe mikono isiyochoka kupokea watu, na wanao wakue wakiyajua majina ya wote waliokula mezani pako. Amina, mwanangu.