Mibaruti ya Mama Chunjua

Kazi yake ilikuwa udobi, lakini hakuna aliyemwita Dobi. Tulimwita Mama Chunjua, kwa sababu ukiotwa na chunjua ulipiga hodi kwake, na hakukucheka hata kama imekuota puani. Mimi nilikuwa jirani yake, ukuta mmoja tu kati yetu, na ninayoyasema niliyaona kwa macho haya.

Nyuma ya kamba zake za nguo alipanda mibaruti, yale magugu ya porini yenye miiba na maua ya njano. Tulidhani amechanganyikiwa. Kumbe mbuzi hawali mbaruti, na shuka za watu zilikauka bila kutafunwa. Ukivunja shina lake hutoka utomvu wa njano, na huo ndio aliokuwa akiupaka kwenye chunjua. Aliupaka kwa mkono wake mwenyewe, pale pale mlangoni; hakumpa mtu hata tone aende nalo kwake. "Mbaruti ni wa ngozi," alisema. "Ukiingia tumboni ni sumu." Tukamtania kwamba ni mchoyo hata wa magugu.

Mdogo wake, yule tuliyemwita Asali kwa utamu wa maneno yake, alikuja kuomba mbegu. "Dada, nipe na mimi nipande. Mbuzi wananimalizia mboga." Nani humnyima mdogo wake mbegu? Mama Chunjua akamjazia mfuko, akamkumbusha habari ya ngozi na tumbo, na Asali akaitikia, "Ndiyo, dada."

Hakupanda hata moja. Alizikamua mafuta, akayatia kwenye chupa, akayauza nyumba kwa nyumba kama dawa ya kulainisha choo. Akiulizwa ni dawa ya nani, anajibu, "Si mnajua dada yangu anavyotibu?" Basi, watu wakanywa. Fundi cherehani wa chumba cha mbele akavimba miguu hadi viatu vikamkataa. Mama yao mzazi, aliyekuwa akiishi kwa Mama Chunjua, naye akavimba vile vile, akawa anahema hata akiwa amekaa.

Daktari aliposema ni mafuta yale, mwenye nyumba alitukusanya uani. Alikuwa amefura kwa hasira. "Aliyeleta sumu hii anahama leo," akasema. Asali alikuwepo, ameshatanguliza machozi. "Mimi niliuza tu alichonipa dada."

Mama Chunjua hakubishana naye. Alimgeukia mama yao, maana bibi yule alijua kila kitu. Chupa yake aliipokea kwa Asali, dada mtu akiwa amepeleka nguo za watu, na akaambiwa asiseme. Alikuwa ametueleza mwenyewe, mimi na bintiye huyu, asubuhi ile, nikimsaidia kuinuka kitandani.

"Mama, waambie."

Bibi akatazama miguu yake. "Aliyenipa ni huyu ninayekaa naye," akasema.

Nikaropoka kwamba ni uongo, asubuhi alisema mengine. Mwenye nyumba akaniuliza kama ninajua kuliko mzazi. Nani atashindana na mzazi? Mpaka leo nikikumbuka natamani kutukana.

Chumbani, akifunga vyombo vyake, Mama Chunjua aliuliza swali moja tu. "Kwa nini mimi?"

"Wewe utanisamehe, mwanangu," mama yake akasema. "Mwenzako asingenisamehe."

Hebu niambie, hilo nalo ni jibu? Wanasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Siku ile nilimwona mchelea mwana macho makavu, na mwanawe wa pili ndiye aliyelia.

Kisha bibi akanyoosha mkono ili ainuliwe. "Haya, twende. Kwa mdogo wako hakuna nafasi, na mimi ni mgonjwa."

Mama Chunjua alisimama na furushi lake kichwani, nikadhani atamwacha. Mimi ningemwacha. Akalitua, akamwinua mama yake, akatoka naye amemshika kiunoni.

Sasa wanaishi mtaa wa pili. Anamwogesha, anamlisha, anampeleka zahanati, na uvimbe umeanza kushuka. Lakini neno "mama" halijamtoka tena kinywani. Nikienda kuwajulia hali hunifungulia mlango na kusema, "Pita, mgonjwa yuko ndani."