Rudi Nyuma, Miguu Yote Ionekane

Krismasi iliyopita tulikutana nyumbani Kinyangiri, na kama kawaida ya siku hizi, kabla hata ugali haujapoa binti wa kaka yangu alishanyanyua simu. Akatusogeza, akatubana, akatupiga kuanzia kifuani. Picha ilitoka safi sana, hata mvi ambazo nimekuwa nikizikana zilionekana zote. Shangazi akaichukua simu, akaitazama, akauliza, "Miguu yetu iko wapi?" Nilicheka mpaka nikapaliwa na mlenda, maana swali lile sikuwa nimelisikia tangu utotoni.

Lilikuwa swali la bibi. Shangazi huyu alichumbiwa na mtu wa Kigoma, na kwetu Kigoma ilikuwa mbali hasa, mtu akienda huko unamuaga kana kwamba hamtaonana tena. Bibi alikosa usingizi kwa hofu kwamba wakwe watamwona binti yake hana kwao. Akaamua shangazi aondoke na picha yetu sote, aitundike huko ugenini, imsemee. Na katika picha hiyo kila mtu avae viatu, na viatu vionekane. "Picha ikikatwa miguu," alisema, "watajua tuko peku."

Na peku tulikuwa kweli. Nyumba nzima viatu vya maana vilikuwa vya babu, vya baba, na vile vyeusi vya bibi vya kanisani, ambavyo kila Jumapili alivibeba mkononi njia nzima akavivaa akishafika mlangoni. Vingine tulitumwa kuazima. Mwalimu jirani alitoa raba zake, nikapewa mimi, zikajazwa matambara mbele ili zisinitoke. Kaka yangu aliangukia mabuti ya mvua ya mtu wa mashine ya kukamua alizeti, na jua la siku hiyo si la mchezo. Mama alitusugua visigino kwa jiwe, akatupaka mafuta ya alizeti mpaka magotini. Tukawa tunanukia chapati na kunasa kila vumbi lililopita.

Mpiga picha alikuja kwa baiskeli kutoka Iguguno. Baada ya shikamoo, jambo la kwanza alilosema ni kwamba mkanda wake umebakiza picha moja tu. Bibi akasema moja inatosha, ila aipigie sebuleni, ili redio na vitambaa vya viti alivyofuma mwenyewe navyo viende Kigoma. Tukajipanga. Mpiga picha akarudi nyuma mpaka akagonga ukuta.

"Miguu imeingia?"

"Haijaingia, bibi. Na humu giza."

Akatoka nje akajaribu kupitia dirishani, akasema sasa anaona vichwa na nondo tu, tumekaa kama mahabusu. Basi tukahamia uani na viti, vitambaa na redio.

Uani mwanga ulikuwepo, tena wa kupitiliza. Tulielekezwa jua usoni, tukakunja sura kama watu waliolambishwa ndimu. Mpiga picha akabembeleza, "Bibi, nisogee kidogo nizipate sura." Bibi hakutaka kusikia. "Sura zetu binti yangu anazijua. Wakwe ndio hawavijui viatu vyetu. Rudi nyuma." Akarudi. Akapita banda la kuku, akapita zizi, akazama kwenye alizeti tukabaki kuona kofia. Bibi akauliza tena habari za miguu, na sauti ikajibu kutoka shambani kwamba sasa yote imeingia. Ndipo ikapigwa.

Picha ililetwa kutoka mjini siku moja kabla ya shangazi kuondoka. Viatu vilijipanga kama dukani. Sura zilikuwa punje za uwele. Babu aliuliza yule aliyekaa kwenye kiti ni nani, akaambiwa ni yeye, akanuna mpaka jioni. Bibi aliridhika kabisa.

Sasa Krismasi hiyo iliyopita shangazi alikuwa amekuja nayo, imeshageuka rangi ya chai. Alituambia mama mkwe wake aliitundika ukutani, na kila mgeni alionyeshwa: "Mke wa mwanangu ana watu kwao." Binti wa kaka akaipiga kwa simu, akaivuta kwa vidole atafute sura zetu. Sura hazikupatikana. Akashuka kwenye viatu: raba zangu, mabuti ya kaka. Akafika kwa bibi, aliyesimama nyuma ya kiti cha babu. Miaka yote tulidhani ni heshima kwa mumewe. Katikati ya miguu ya kiti, vidole vitupu.

"Jamani, bibi yuko peku," akasema, na uani kote kukawa kicheko.

Shangazi hakucheka. "Vile vyeusi nilivyovaa hapo ni vyake," alisema. "Aliniambia niende navyo."

Siku hizi hakuna tena anayeleta kamera kwa baiskeli, sebule ile ilianguka kwa mvua, na bibi amelala pale karibu na shamba. Sura zetu zimejaa kwenye simu mpaka tunazifuta. Ya kwake hatuna hata moja inayoonekana, na inaniuma.

Shangazi akainuka, akavua viatu, akaja kusimama mbele yetu sote. "Mama, piga nyingine," alimwambia binti wa kaka. "Rudi nyuma mpaka miguu ionekane."

Tukavua wote.