Hodi Katika Duka la Mgiriki

Asubuhi ile tulikuwa tunapanga vitenge vipya dukani, na yaya Zawadi, dada yangu mkubwa, alikuwa ananigombeza kwa kuchanganya kijani na buluu. Hilo ndilo lilikuwa duka la fahari la Bukavu, kwetu Kongo. Mgiriki mmoja alilijenga zama za Wabelgiji: ghorofa mbili, ngazi pana za mbao, vioo hadi darini. Sasa nauza mashuka katika duka kongwe la katikati ya Sydney, na historia yake imeandikwa ukutani karibu na lifti. La kwetu hakuna aliyeliandika. Inaniudhi, basi naliandika mimi.

Mgiriki aliacha sheria moja, wauzaji wakarithishana mpaka ikatufikia: mteja akibisha hodi, mwitikie kabla hajafunga mdomo. Yaya alinifundisha hivyo, kwa ukali.

Kabla ya adhuhuri risasi zikaanza. Watu wenye silaha walikuwa wanaingia majumbani na kuua waliowakuta. Mlinzi alishusha milango ya chuma, akaifunga kwa nje ili duka lionekane tupu, akakimbia na funguo. Tulibaki wauzaji na wateja wachache, tumelala ghorofani nyuma ya majora ya vitambaa. Madirisha yote yalikuwa na nondo. Mama mmoja alimnyonyesha mtoto mfululizo ili asilie.

Jioni mlango wa chini ukavunjwa.

Viatu vikaingia.

“Hodi. Kuko mtu?”

“Karibu,” yaya akaitika.

Neno lilimtoka tu. Alijiziba mdomo, lakini lilikuwa limeshasikika.

Akanitazama. Nikamshika kitenge. Akanibandua vidole, kimoja kimoja.

“Nashuka, papa,” alisema, akimwita kama alivyowaita wateja wanaume, kwa sauti yake ileile ya kuuzia. “Niko mimi tu.”

Akashuka.

Risasi ilikuwa moja. Walibeba walichokitaka chini, wakaondoka bila kupanda ngazi.

Sisi wengine tulitoka wazima, na yule mtoto pia.

Ndugu zangu hapa Sydney husema yaya aliponzwa na mazoea ya dukani. Nakasirika kila mara. Mazoea yale yalikuwa mema. Aliishi nayo miaka mingi na hayakumdhuru yeyote. Aliuawa na mtu mwenye bunduki, aliyebisha hodi kama mteja. Mtu huyo sijamsamehe.