Wiki Moja kwenye Njia ya Banalia

Juzi nilikuwa naenda Banalia kwa kazi, nimepanda moto, pikipiki ya kukodi. Tulipovuka daraja la mto Tshopo na kuanza kupanda, dereva hakupunguza mwendo hata kidogo. Kilima kikapita chini yetu kama si kitu. Nikamgusa begani. "Papa, simama kidogo. Hapa natembea." Akageuka kunitazama. "Mama, iko nini? Umesahau kitu?" Nilishuka, nikapanda kwa miguu na viatu vyangu vya ofisi, yeye akinifuata nyuma huku moto yake ikinguruma, na wiki ile ya utoto wangu ikanirudia miguuni kabla ya kunirudia kichwani.

Nililelewa na koko, mama ya baba yangu, karibu na maporomoko, katika nyumba iliyonuka samaki wa moshi hadi kwenye mashuka. Ungemjua koko, rafiki yangu, ungechoka kwa kumtazama tu. Hakuwa mtu wa kukaa. Alikula amesimama, alisali anafagia. Alizaliwa mbali na maji, kwenye shamba kubwa la kahawa kando ya njia ya Banalia, ambako wazazi wake walitoka Maniema kuja kufanya kazi. Mume ndiye aliyemleta kwa wavuvi. Dada yake mkubwa alibaki kulekule, na miaka ikapita bila wao kuonana.

Siku moja mama mmoja muuza makemba, zile ndizi za kupika kutoka njia ya Banalia, alimletea habari kutoka kwa huyo dada. Habari yenyewe ilikuwa fupi: "Haende tena ku shamba." Hilo tu. Koko aliuliza kwa nini, mama yule hakujua. Tangu saa ile nyumba yetu haikupumua. Koko alikuwa akianza kuosha sufuria, anaiacha, anakwenda mlangoni, anarudi.

Mwanawe wa mwisho, tonton wangu, alikuwa mtu wa toleka. Miaka ile toleka ndizo zilizobeba mji wote: baiskeli yenye mto laini nyuma, na mtu wa kukanyaga. Koko akamwambia kesho tunaenda.

"Mama, frein ya nyuma iko mbaya."

"Bon, tengeneza."

Hakuitengeneza breki ile, au alitengeneza vibaya. Tukaondoka hivyo: koko nyuma, mimi kwenye chuma cha mbele, kifurushi cha samaki kikining'inia ubavuni. Sheria ilikuwa moja, tunapanda vilima kwa miguu na kushuka kwa magurudumu. "Mulima hauna haraka," koko alisema, "mwenye haraka ni weye." Lakini yeye mwenyewe alikuwa mbele yetu kila mlima, kitenge kimefungwa juu ya magoti, akitugeukia kama mtu anayesubiri mbuzi wavivu.

Kwenye mteremko mmoja mrefu frein ikakata. Tonton alibana tairi kwa soli ya kandambili, nikasikia harufu ya mpira unaoungua, kisha upepo ukajaa mdomoni mwangu na tukaingia wote kwenye majani marefu. Nilipofungua macho, koko alikuwa tayari amesimama, anaokota samaki. "Nani ameumia? Hakuna? Twende." Goti lake lilikuwa linatoka damu.

Tulilala kwa watu wasiotujua, wakatupa lituma ya moto, ndizi zilizopondwa kwa mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, nasi tukawapa samaki. Alfajiri koko alikuwa wa kwanza kukunja mkeka. Kila tulipopita alimuuliza mtu habari za dada yake, na kila aliyejibu alitazama kwanza pembeni.

Tulifika jua likiwa kali. Mwanamke mzee alikuwa mbele ya nyumba, anamenya mihogo. Koko akasimama mbali naye. Sikuwahi kumwona amesimama hivyo, mikono haina kazi. Yule mzee akainua uso, akauelekeza upande ambao hatukuwapo.

"Nani iko pale?"

"Miye."

"Miye nani?"

Koko hakuweza kutaja jina lake. "Miye mwenye alikuvunjaka jino."

Yule mzee akacheka na pengo likaonekana. Ndipo nilipoelewa kwamba haoni.

Siku zilizofuata zilinitesa. Nilizoea ngurumo ya maporomoko. Pale masikio yangu yalikuwa matupu na sikupata usingizi. Nilimuuliza tonton kila asubuhi tutarudi lini. Na kila alasiri, jua likilegea, wale wazee wawili walishikana mikono wakaenda kutembea, taratibu mno, mimi mbele na fimbo ya kupiga majani kwa ajili ya nyoka. Koko alimsimulia dada yake anachokiona.

"Hapa kahawa imechanua. Yote iko nyeupe. Nyumba ya chef iko pale, na mabati yake."

Nikageuka kuitafuta nyumba ya mkuu wa shamba. Kulikuwa na pori. Msitu ulikuwa umekula kila kitu.

"Koko, hakuna nyumba! Ni majani tu."

Alinifinya mkono mpaka nikanyamaza.

Jioni ile dada yake aliniita nimsaidie kubangua karanga. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vyangu.

"Mwache aseme," akaniambia kwa sauti ndogo. "Miguu yangu inajua ni majani. Lakini koko yako alikuwaka mutoto wa mbio. Haikuwaka siku moja ananingojea. Sasa anatembea polepole juu ya miye, ili aningojee. Unataka nimuharibie?"

Kesho yake tulipofika palepale, koko alinyamaza. Aliogopa mdomo wangu. Basi nikasema mimi: "Koko, moshi unatoka ku jiko ya chef. Wanapika pondu." Wote wawili walisimama. Koko akanishika tena mkono, safari hii bila kufinya, na dada yake akasema, "Ee. Nasikia harufu."

Asubuhi ya kuondoka nilikuwa nimeshapanda kwenye chuma. Koko hakupanda.

"Twende, koko."

"Muende. Miye nabaki."

Nililia kwa hasira. Nilimuuliza nani atanisuka, nani ataniamsha. Akanijibu tantine, shangazi yangu, atafanya, akanifuta kamasi kwa kitenge chake, akamwambia tonton akanyage. Nilimchukia mpaka mjini, na baada ya hapo kwa muda mrefu.

Hakurudi. Walikaa pamoja mpaka dada yake alipofariki, na koko hakukawia kumfuata. Habari zote mbili zililetwa na wauza makemba. Wanawake hao nao siku hizi siwaoni tena sokoni, wala tonton hayupo.

Mara nyingi nimejaribu kulikumbuka pori lile nililoliona kwa macho yangu mwenyewe, miti yake, majani yaliyonikata miguu. Haliji. Limepotea lote. Nikifumba macho, naona kahawa iliyochanua, nyeupe mpaka mwisho wa kilima, na mabati ya nyumba yanayong'aa.