Kopo la Kwenye Msumari

Nyumbani kwetu, mtaa wa Kadutu, nilipokuwa mtoto, kulikuwa na kopo la bati lililotundikwa nje, kwenye msumari, karibu na mlango wa jikoni. Vikombe vingine vyote vilikaa ndani. Kopo lile lilikuwa la mama mmoja Mutwa, wa wale watu wafupi wenye asili ya msituni, aliyekuwa akishuka kutoka upande wa Kabare na vyungu kichwani, akimletea mama yangu vya kupikia maharagwe. Akifika, mama alimpokea vizuri. Alimuuliza habari za watoto, akampa kigoda uani, kisha akamtilia maji katika lile kopo. Mgeni akishaondoka, kopo lilirudi kwenye msumari, wala halikuoshwa pamoja na vyombo vyetu. Hakuna aliyenieleza sababu. Siku moja nilirudi kutoka mpirani nina kiu, nikalitwaa, nikanywa. Mama yangu, ambaye si mtu wa kupiga, alinichapa kwa njiti za ufagio huku machozi yanamtoka, akanilazimisha kusukutua kinywa kwa maji ya chumvi. Basi nikajua.

Naanza na kopo ili msomaji asije akanihurumia na kusema labda nilikuwa sijui. Nilijua. Sisi ni Bashi, na Mushi gani wa rika langu asiyejua kwamba hatunywi chombo kimoja na Batwa?

Kazi yangu ni kuchora vibao. Nachora vichwa vya wanawake kwenye saluni, dawa kwenye kuta za famasi, majina ya marehemu kwenye misalaba. Lakini watu wa Kadutu hawanijui kwa hayo. Wananijua kwa ubao wa triplex ulio mbele ya kibanda changu, chini kidogo ya soko, ambapo kila Jumamosi natundika katuni ya wakubwa. Watu husimama, wenye pikipiki huzima injini, simu hutolewa mifukoni. Kufika jioni picha yangu imeshafika Minova na Uvira, na mara nyingine hunirudia ikiwa na sahihi ya mtu mwingine. Silipwi kitu kwa kazi hiyo. Malipo yangu ni kichwa kuvimba, na kwa miaka mingi kilivimba sawasawa.

Kilivimba zaidi siku ilipotufikia, kwa simu, katuni moja iliyochorwa Ulaya, viongozi wetu wote wakiwa makaku, yaani nyani, juu ya mgomba. Tulikasirika vibaya. Marehemu baba yangu alitumika utotoni katika nyumba ya mzungu mwenye shamba, naye alikuwa akituambia kwamba kuanzia asubuhi hadi jioni hakuitwa kwa jina lake la ubatizo. Aliitwa makaku. Mbwa wa nyumba ile alikuwa na jina. Sasa mimi, mwana wa mtu huyo, nikachukua brashi nikajibu. Nikawachora mawaziri wetu makaku vilevile, tena wanene kuwapita wale wa mzungu, na chini nikaandika: "Hawa ni wetu, tutawatukana wenyewe." Soko lilicheka mpaka basi. Bwana mmoja aliyekuwa amevaa tai akaniuliza kuna tofauti gani kati ya picha yangu na ile ya Ulaya. Nikamjibu mbele ya watu wote:

"Tusi ni ya mutu yenye balipigaka nayo. Ule mwenye kupiga, anyamaze."

Watu walinipigia makofi. Tangu siku hiyo nilijiona hakimu wa matusi, mwenye kujua lipi ni halali kwa nani. Ukinikuta nimekunja mikono mbele ya ubao wangu, ungedhani sheria ile niliishusha mimi kutoka mlimani.

Halafu ikaja zamu ya mheshimiwa mbunge wetu. Wakati wa kampeni alikuwa ametuahidi maji. Alipokwisha kwenda Kinshasa, bomba letu likaanza kukohoa hewa, na wake zetu wakawa wanapanga foleni ya bido, yale madumu ya njano, kabla jua halijachomoza. Nilitaka kuonyesha kwamba mtu wetu huko hana uzito wowote, kwamba wenzake hawamhesabu. Nikatafuta picha ya mtu asiyehesabiwa. Haikunichukua muda, ilikuwa inaningoja. Nilimchora mfupi, miguu mitupu, suti imemning'inia, amechuchumaa nje ya mlango wa bunge, akinywa maji katika kopo la kwenye msumari. Ndani, wenzake wameshika bilauri. Chini nikaandika: "Mutwa wa Kinshasa."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Sikuhitaji kueleza lolote. Maman mmoja muuza sambaza, dagaa wa ziwani kwetu, aliweka beseni lake chini ili acheke vizuri. "Kopo!" alikuwa akipiga kelele. "Angalieni kopo!" Wazee walipangusa macho. Na mimi nimesimama pale, nimeridhika, kana kwamba nimewaletea maji yenyewe. Hakuna aliyeniuliza kama tusi lile nililipigwa mimi au nilikuwa miongoni mwa wapigaji. Hata yule bwana wa tai hakuuliza.

Sasa niseme habari za mwalimu. Binti yangu anasoma darasa la nne, shule iliyo juu ya mtaa wetu, na mwaka huo walikuwa wamepata mwalimu mpya, msichana mwenye sauti nzuri na viatu vilivyopigwa rangi kila siku, hata wakati wa matope. Binti yangu alimpenda mno. Kila chakula cha jioni kilikuwa mwalimu kasema hivi, mwalimu kasema vile. Mwalimu huyo alikuwa Mutwa, wala haikuwa siri: siku ya kwanza aliwaambia watoto jina lake, kilima chake, kwamba yeye ni Mutwa na kwamba mama yake hufinyanga vyungu. Watoto wakamwitikia bonjour, kazi ikaanza. Darasani kulikuwa na ndoo ya maji na kikombe kimoja cha plastiki, na wote walikunywa humo, yeye na watoto. Nina hakika wazazi kadhaa walijua na walikereka kimoyomoyo, lakini hakuna aliyekuwa na pa kuanzia. Mimi niliwapatia.

Jumatatu baada ya katuni ile tulikuwa tunakula. Binti yangu akaniambia, uso umemng'aa:

"Papa, nilimutengenezea mwalimu kopo yake."

"Kopo gani?"

"Ile yenye ulichora! Nilitwala bwate ya tomati, nikaitoboa kule juu, nikaitundika ku musumari karibu ya mulango. Batoto bote balicheka. Balisema, papa yako iko mukali."

"Na mwalimu, alisema nini?"

"Hakusema kitu. Alifuta tablo." Akafikiri kidogo. "Haikukuwa na kitu ya kufuta, lakini alifuta."

Nikarudisha tonge la bugali sahanini. Mama yangu, ambaye sasa ni mzee na anaishi kwetu, alikuwa pale anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa. Nilitaka kumkaripia mtoto nikashindwa, maana ningemkaripia kwa kosa gani? Alikuwa amefanya kwa bwate ya tomati kile baba yake alichofanya kwa rangi, na kwa sababu ileile, ili watu wacheke.

Wiki ile wazazi walipata mdomo. Wengine walimwendea mkuu wa shule kudai ndoo ya pekee kwa ajili ya watoto, wengine wakataka mwalimu ahamishwe, na kila aliyeingia ofisini aliingia na picha yangu kwenye simu. Mkuu ni mtu anayeogopa kelele. Alimwambia mwalimu kwamba itabidi amtafutie shule ya kilima kingine, "juu ya utulivu." Habari hizo nilizipata Jumapili, baada ya misa, kwa mzazi mmoja aliyenipa mkono wa pongezi. Nilimwachia mkono wangu. Mpaka leo sijui kwa nini sikuurudisha.

Asubuhi yake nikapanda shuleni mapema. Mwalimu alikuwa peke yake darasani, anaandika tarehe ubaoni. Bwate ya tomati ilikuwa bado kwenye msumari. Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima.

"Maman mwalimu, mimi njo papa ya..."

"Nakujua, papa. Hapa nani hakujui?"

"Nilikuja kukuomba musamaha. Sikuchora weye. Nilichora honorable."

"Honorable iko Mutwa?"

"Hapana."

"Basi juu ya nini ulimupatia jina yetu?"

Nikamwambia ni mzaha. Nikamwambia kwetu wakubwa hutukanwa, ndiyo dawa yao, na kwamba hata sisi wenyewe tunajiita makaku na hakuna aliyekufa. Nilisema mengi. Alinisikiliza kama mwalimu anavyomsikiliza mwanafunzi ambaye hakusoma somo, bila kumkatiza, akimwacha ajimalize.

"Makaku, ni bazungu balibaita vile," akasema. "Mukiitupa, munabakia Bashi. Miye, Mutwa njo jina yangu. Sina ingine. Siku ya kwanza nilibaambia batoto, miye ni Mutwa, na baliniitika bonjour mwalimu. Leo nikisema vile, banacheka. Sasa nitajiita nani?"

Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema, na mimi niliyejua habari zote za mkuki nilipokuwa nguruwe, sasa nilikuwa nimeushika mimi. Nikamwambia Jumamosi nitachora nyingine, nimchore yeye mwenyewe, vizuri, na chaki mkononi.

"Usinichore, papa. Naomba."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa nafuu kwangu kama angesema kwa hasira.

Kengele ikalia, watoto wakaingia, binti yangu akakaa mbele akinitazama kwa majivuno. Mkuu wa shule naye akatokea mlangoni, maana alikuwa ameniona napita. Hapo mwalimu akamgeukia.

"Directeur, bazazi banaonyeshaka picha ya huyu papa. Huyu papa akinywa na miye hapa, mbele ya batoto, batasema nini tena? Akikunywa, niache mu klase yangu."

Mkuu alikubali haraka. Alikuwa anatafuta mlango wa kutokea, na mwalimu alikuwa amemfungulia. Mimi pia nilifurahi. Nilijiambia kumbe jambo lenyewe ni dogo hivi.

Mwalimu akaitoa bwate kwenye msumari, akaisuuza, akaijaza maji ya ndoo. Akanywa nusu. Akanipa.

Nimeahidi nafsi yangu kusema lililotokea bila kulipaka rangi. Niliipokea kwa mikono miwili, kwa heshima. Nikaiinua. Halafu mkono wangu ukasimama. Kinywani nilisikia maji ya chumvi, chumvi ileile ya uani kwetu, na vidole vyangu, bila mimi kuviamuru, vikaizungusha ile bwate polepole, vikitafuta upande ambao midomo yake haikugusa.

Ndipo nikanywa. Nilikunywa yote, mpaka tone la mwisho, nikapangusa ndevu, nikawatazama watoto na kutabasamu. Hakuna mtoto aliyetabasamu. Mwalimu aliipokea bwate, akasema "Aksanti, papa," akaiweka mezani upande wa chaki, akawaambia watoto wafungue kurasa za hesabu.

Alibaki. Mkuu wa shule hakumhamisha, wazazi walinyamaza kama alivyosema, na watoto wanakunywa maji ya ndoo kama zamani. Ningependa kuishia hapo. Lakini binti yangu aliniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba siku hizi mwalimu hanywi ya ndoo. Anakuja na chupa yake ndani ya mkoba, na anainywa watoto wakiwa nje, wakati wa rekreasion.

Jioni ya siku niliyopanda shuleni, binti yangu alikaa sakafuni akachora nyuma ya karatasi ya mazoezi. Ana mkono wangu, kila mtu husema hivyo, nami nilijivunia. Aliponionyesha nilimwona mwanamume mwenye tumbo na kofia kama yangu, ameshika kopo puani kama anayenusa samaki wa juzi. Kuzunguka kopo alikuwa ametia vile vistari vya kupinda ambavyo mimi hutia kuonyesha gurudumu linazunguka. Chini hakuandika neno.

"Ni nani?" nikamuuliza.

"Ni weye, papa. Saa ulikuwa unatafuta upande."

Mama yangu aliomba aione. Aliishika karibu na taa, akaitazama, akamrudishia mtoto. Kisha akaingia kulala kabla ya wakati wake.

Ile karatasi ninayo. Binti yangu alinipa niitundike Jumamosi, kwa sababu kwetu picha nzuri inaenda ubaoni, ndivyo nilivyomfundisha. Nimewatundika pale mawaziri, magavana na majenerali, nikapiga misumari yao bila kusita. Sasa ubao uko mtupu, na wenye pikipiki wanapunguza mwendo wakipita: "Artiste, wiki hii tena hakuna?" Nawajibu rangi imeisha. Kila Jumamosi naitoa karatasi chini ya makopo ya rangi, nashika nyundo, nasikia watu wanashuka kutoka sokoni, nairudisha. Na kila Jumamosi jioni binti yangu anapita njia ya kibandani, anautazama ubao, halafu ananitazama mimi.